Mashine Haina Aibu
(Hotuba kwa wanachama, Nyamira)



Mwaka 2020, wakati wa korona, mshairi wetu wa Kisii, Christopher Okemwa, alikusanya mashairi ya watu wa nchi nyingi kuhusu maradhi yale, akayatia katika kitabu kimoja. Hata atakayezaliwa kesho atajua jinsi watu walivyoumia.

Sisi wafanyakazi tumekusanya nini? Mwezi Mei 2023, kwa jirani zetu Kericho, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto. Habari za moto ziliandikwa. Lakini mama aliyechuma kwa mikono, akilipwa kwa kilo, kisha akakosa kazi, habari zake nani ameziandika?

Mimi ni mtu wa reli, siichukii mashine. Lakini mashine haina aibu wala haina watoto. Wa kuulizwa ni yule ailetaye, tena kabla haijafika shambani: faida itagawanywaje? Watakaotolewa watapewa kazi gani? Majibu yawe ya maandishi, yenye sahihi.

Moto huleta polisi. Kalamu huleta ushahidi. Kila tawi na lichague mwandishi, akusanye maneno ya wachumaji, kama mshairi alivyofanya.