Kipya Kinyemi, Kingawa Kidonda: Upasuaji wa Kisasa na Faida ya Mgonjwa

Desturi ya mhadhara wa uprofesa ni mzungumzaji kuisifia fani yake. Nitaisifia mahali inapostahili. Lakini jioni ya leo nataka tulishughulikie swali ambalo wagonjwa hutuuliza kwa adabu, nasi tukalijibu haraka mno: daktari, hii njia mpya inanifaa kuliko ile ya zamani?

Wahenga walisema kipya kinyemi, kingawa kidonda. Katika chumba cha upasuaji methali hiyo haihitaji kufasiriwa.

Nianze na saratani ya mlango wa kizazi, kwa kuwa ndiyo saratani inayoongoza kuua wanawake wa Tanzania. Mwanamke anayegundulika mapema, uvimbe ukiwa bado haujavuka mlango wa kizazi, anaweza kupona kwa kuondolewa kizazi pamoja na nyama zinazokizunguka. Zamani tulifungua tumbo kwa mkato mrefu. Kisha zikaja kamera na vyuma vyembamba vinavyopitishwa kwenye matundu madogo, na baadaye roboti, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2000, ambayo daktari huiongoza akiwa ameketi hatua chache kutoka kwa mgonjwa. Damu ilipotea kidogo, kovu likawa dogo, mgonjwa akawahi kurudi nyumbani. Nani angepinga? Hata mafaili ya hospitali yalipopitiwa, tafiti nyingi zilionyesha kwamba saratani hairudi kwa wingi kuliko zamani. Njia ikaenea.

Timu iliyoongozwa na Pedro Ramirez wa Houston iliamua kupima badala ya kudhani. Wanawake 631 katika hospitali 33 za nchi mbalimbali waligawanywa kwa bahati nasibu: hawa mkato mrefu, wale matundu au roboti. Kamati ya usalama ilisimamisha uandikishaji kabla ya idadi iliyopangwa kutimia, na mwaka 2018 matokeo yakachapishwa. Baada ya miaka minne na nusu, waliokuwa hai bila saratani kurudi walikuwa asilimia 96.5 upande wa mkato mrefu na asilimia 86.0 upande wa matundu. Waliokuwa hai baada ya miaka mitatu walikuwa asilimia 99.0 kwa 93.8. Kovu dogo lilikuwa limenunuliwa kwa maisha ya watu.

Kwa nini? Wapo wanaotaja kifaa kinachokishika kizazi na kukisukuma kutoka chini, wapo wanaotaja gesi ya kaboni dayoksaidi inayojazwa tumboni, wapo wanaosema seli za saratani humwagika wakati wa kukata sehemu ya juu ya uke. Kinachonikosesha usingizi mimi ni jingine: hakuna mpasuaji hata mmoja ambaye angeiona tofauti hiyo kwa macho yake. Katika kila wagonjwa ishirini, ni kama mmoja zaidi aliyefariki, tena si wodini bali baada ya miaka miwili au mitatu, pengine wilayani kwao, na hospitali isipate hata salamu za msiba. Tunachokiona sisi ni mama aliyeamka siku ya pili, akanywa uji na kutushukuru.

Kwetu habari hii ina uchungu wa ziada. Wengi wa wagonjwa wanaofika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road wamechelewa, na upasuaji wa aina yoyote hauwasaidii tena. Wanahitaji mionzi na dawa. Chanjo ya virusi vinavyosababisha saratani hiyo, iliyoanza kutolewa nchi nzima kwa wasichana mwaka 2018, itaokoa wanawake wengi kuliko mikono yetu sote wapasuaji, na haina kovu lolote.

Sasa niseme neno lisilopendwa na wenzangu. Kazi ya upasuaji hujisifu yenyewe. Maumivu mengi hupanda na kushuka. Mgonjwa huja yakiwa yamepanda, akapasuliwa, yakashuka, na sifa tukachukua sisi. Zaidi ya hapo, mtu aliyeuza ng'ombe ili atibiwe hataki kuamini kwamba alipasuliwa bure.

Katika miaka ya 1950 huko Marekani, wagonjwa wenye maumivu ya kifua yatokanayo na moyo walifungwa mishipa miwili ya damu iliyo ndani ya kifua, kwa nadharia kwamba damu ingegeukia kwenye moyo. Wengi walisema wamepata nafuu. Mwaka 1959 Leonard Cobb na wenzake wa Seattle walichapisha jaribio dogo la wagonjwa 17. Wote walichomwa ganzi na kukatwa ngozi. Baadhi wakafungwa mishipa, wengine wakashonwa bila kufungwa chochote. Wale walioshonwa tu walipata nafuu kama wenzao. Upasuaji ule haukudumu baada ya hapo. Mwaka 2002 ikawa zamu ya goti. J. Bruce Moseley na wenzake wa Houston waliwagawa wagonjwa 180 wenye magoti yaliyosagika: kundi moja lilisafishwa gegedu kwa kamera, jingine likaoshwa goti tu, la tatu likakatwa ngozi na kushonwa. Kwa muda wa miaka miwili, hakuna kundi lililowashinda wale waliokatwa ngozi tu. Wakati huo upasuaji wa namna hiyo ulikuwa ukifanywa kwa malaki ya watu kila mwaka nchini Marekani.

Naona baadhi yenu mmekunja nyuso: kumpasua mtu kwa kuigiza! Hofu hiyo ni ya haki. Wagonjwa wa Seattle hawakuelezwa kwamba huenda wasifungwe mishipa, na leo kamati ya maadili isingekubali. Wale wa Houston walielezwa, na kila mmoja aliandika kwa mkono wake kwamba anajua huenda akapata upasuaji wa kuigiza. Basi pimeni wenyewe: watu wachache walioridhia kuigiziwa, na umati uliopasuliwa kweli, kwa bili kamili, bila faida. Mimi nimeshajua upande wangu.

Nisieleweke kwamba nataka turudi kwenye mikato mirefu. Upasuaji wa matundu wa kuondoa mfuko wa nyongo ni mzuri, na ndugu yangu akiwa na mawe ya nyongo nitataka afanyiwe huo, mradi daktari awe ameuzoea. Erich Mühe aliufanya Ujerumani mwaka 1985 na wenzake wakamkejeli. Philippe Mouret akaufanya Lyon mwaka 1987, na miaka michache baadaye kila hospitali kubwa ya Ulaya na Marekani ilikuwa ikiukimbilia. Katika kukimbia huko wapasuaji wengi walijifunzia juu ya wagonjwa, na majeraha ya mfereji wa nyongo, ambayo humwachia mtu mateso ya miaka, yakaongezeka. Mwaka 1996 wapasuaji wa Sheffield, Uingereza, walilinganisha matundu na mkato mdogo wa kawaida kwa wagonjwa 200. Walifunga bandeji za aina moja kwa wote, hata manesi wasijue nani amefanyiwa nini. Siku za kulazwa hazikutofautiana, na njia ya matundu ilichukua muda mrefu zaidi. Kumbe sehemu ya sifa za kamera ilitokana na kulinganishwa na mikato mirefu kupita kiasi tuliyoizoea, na pia tabia yetu ya kumlaza mgonjwa siku nyingi bila sababu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko jirani, Mbale, mashariki mwa Uganda. Unahusu ugonjwa ambao kina mama wa Tanzania wanaujua kwa jina la kichwa kikubwa: maji ya ubongo hukosa njia, hujaa, na fuvu laini la mtoto hutanuka. Mara nyingi huku kwetu chanzo ni maambukizi aliyoyapata mtoto katika wiki zake za kwanza. Tiba ya miaka mingi ni shanti, mrija unaotoka ubongoni ukapita chini ya ngozi ya shingo na kifua hadi tumboni, ambako maji hunyonywa na mwili. Mrija huo ni mkombozi, lakini huziba, na ukiziba mtoto anaweza kufa katika siku chache. Boston mrija ukiziba, mama yuko hospitali kabla ya jua kuzama. Kijijini Karamoja, Uganda, mama ataanza kutafuta nauli.

Benjamin Warf, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa Mbale mwaka 2001, aliunganisha mbinu mbili kwa kutumia kamera nyembamba: kutoboa njia mpya ya maji kwenye sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo, na kuunguza sehemu ya tishu inayotengeneza maji hayo. Mtoto hutoka bila mrija. Kisha Mbale haikuridhika na ushuhuda wake yenyewe. Watoto wachanga 100 waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya shanti na mbinu hiyo, na mwaka 2017 matokeo yakachapishwa: baada ya mwaka mmoja, ukuaji wa akili katika makundi mawili haukuwa na tofauti ya maana.

Anayesoma takwimu juujuu atasema hakuna mshindi. Mimi nasema mshindi yupo. Ikiwa matokeo ya ubongo yanalingana, na mtoto mmoja anarudi kijijini bila mrija wa kuziba ilhali mwenzake anarudi nao, basi umbali kutoka nyumbani hadi hospitali ndio unaoamua. Mbinu hiyohiyo inaweza kuwa jambo la hiari Boston na jambo la uhai Karamoja. Ndiyo maana sikubali tuambiwe kwamba kifaa fulani ni bora kwa sababu kimethibitishwa Ulaya, wala sikubali kinyume chake, kwamba vya kisasa si vya kwetu.

Uganda hiyohiyo ilitupa somo la ngiri. Ulaya ngiri huzibwa kwa wavu maalumu, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 wavu wa kiwandani uligharimu takriban dola 125. Watafiti wa Uganda na Sweden walitumia kitambaa cha aina ya vyandarua, kisicho na dawa ya mbu na kilichotakaswa kitaalamu, kwa gharama ya kama dola 1. Kati ya wanaume 302, baada ya mwaka mmoja ngiri ilimrudia mmoja tu katika kundi la wavu wa bei nafuu, na hakuna katika lile la wavu wa bei ghali. Kitakwimu hiyo si tofauti. (Tafadhali mtu asiondoke hapa akakate neti ya kitandani.) Habari kama hii haileti kamera za televisheni wala mkata utepe.

Hazileti kamera pia glovu. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la hospitali 81 katika nchi saba, Rwanda ikiwamo, kwa wagonjwa zaidi ya 13,000 wa upasuaji wa tumbo. Kilichojaribiwa ni kubadilisha glovu na vyombo kabla ya kufunga kidonda, basi. Maambukizi ya kidonda yalishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Miaka kadhaa kabla ya hapo, mwaka 2009, orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, na vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini kipimo nilichowapimia wenye roboti lazima nijipimie na mimi: utafiti ule ulilinganisha kabla na baada, haukuwa wa bahati nasibu, na jimbo la Ontario, Kanada, lilipoagiza orodha hiyo katika hospitali zake 101, vifo havikupungua kwa kiwango cha maana. Karatasi ikijazwa ili bosi aione, ni karatasi tu.

Nimetaja hayo kwa sababu mgonjwa wa Afrika hafi kwa kukosa roboti. Utafiti mkubwa wa nchi 25 za bara letu, uliotoka mwaka 2018, ulionyesha kwamba wagonjwa wetu hufariki baada ya upasuaji kwa kiwango maradufu ya wastani wa dunia, ingawa wengi ni vijana na wenye afya kuliko wagonjwa wa kwingineko. Wengi wa waliofariki walifariki siku za baada ya upasuaji, wodini, ambako nesi mmoja anaangalia vitanda vingi na hakuna wa kuona kwamba mapigo ya moyo yanakimbia. Na tusisahau ni nani anayepasua. Tanzania ilianza kuwafunza madaktari wasaidizi tangu 1963. Kwa miongo mingi hao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi wilayani, na utafiti wa Mwanza na Kigoma uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta matokeo yao hayapishani kwa maana na ya madaktari wenye shahada.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakurugenzi wa hospitali waliomo humu ni hili. Mkinunua mnara wa kamera, na nunueni tu, nunueni pamoja na fundi, vipuri na muda wa kujifunza chini ya aliyeuzoea. Na kabla ya mgonjwa wa kwanza kupasuliwa, fungueni daftari la kumfuatilia: apigiwe simu siku ya 30, apigiwe tena baada ya mwaka, kama ni saratani apigiwe kwa miaka mitano. Karibu kila nyumba sasa ina simu. Hospitali isiyojua wagonjwa wake wako wapi baada ya mwaka haina haki ya kutangaza mafanikio kwenye bango.

Nanyi wananchi, msisaini fomu ya ridhaa kabla hamjauliza. Mwulizeni daktari ameshaufanya upasuaji huo mara ngapi, atafanya nini mambo yakiharibika akiwa katikati, na itakuwaje msipopasuliwa kabisa. Akikosa jibu, ombeni muda wa kufikiri. Isipokuwa ni dharura, muda huo ni haki yenu.