Petroli ya Risasi na Masega: Gari Moja Haliwezi Kubeba Vyote Viwili

Mada kwa semina ya mafundi wa magari na madereva wa mbio



1. Utangulizi

Niliwahi kuletewa gereji gari dogo la turbo ambalo mwenyewe hulikimbiza mashindanoni Jumapili, Jumatatu akaliendea kazini. Alichokuja nacho ni taa ya injini iliyogoma kuzimika. Nguvu, alisema, haijawahi kuwa tamu namna ile. Mashine ya kupimia ikasoma P0420, yaani masega ya bomba la moshi hayausafishi moshi inavyotakiwa. Nikashusha bomba, nikamulika kwa tochi: vijitundu vyote viko wazi, hapana kilichoyeyuka wala kupasuka. Kwa macho tu, ungeapa kwamba mbovu ni sensa. Lakini plagi zilipotoka zilikuwa na vipunje vya kijivu kwenye kauri. Nikamuuliza anaweka mafuta gani. Akacheka kidogo: "Fundi, petroli ya ndege, nusu kwa nusu."

Nataka tujadili kicheko kile. Risasi huua masega bila kelele, na gari huendelea kuvuta vizuri. Kwa hiyo mwenye gari hana sababu ya kuacha, na fundi asiyeuliza hatajua.

2. Kazi ya risasi ndani ya injini

Injini yenye kompresheni kubwa au turbo hubana mchanganyiko wa hewa na petroli kiasi kwamba sehemu yake hujilipukia kabla moto wa plagi haujaifikia. Huko ndiko tunakoita kugonga, na pistoni nyingi zimetobolewa nako. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akiwa katika maabara ya General Motors kule Dayton, Ohio, aligundua kwamba kiasi kidogo cha risasi iliyochanganywa kikemikali huzuia kugonga. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mjini humo mwaka 1923.

Ila risasi ikiungua huacha oksidi ngumu inayoganda kwenye valvu na plagi. Kwa sababu hiyo watengenezaji huongeza kemikali yenye bromini, ili risasi igeuke mvuke na kutoka na moshi. Hapo ndipo penye fumbo lote: dawa inayookoa plagi huipeleka risasi moja kwa moja kwenye bomba, na kitu kinachoisubiri bombani ni masega.

3. Masega hufaje

Masega ni kauri yenye vijitundu vyembamba, aghalabu takriban 60 katika kila sentimita mraba. Kuta zake zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Ni gramu chache tu kwa gari zima, na ndizo zinazowafanya wanunuzi wa masega wapite gereji zetu. Moshi ukigusa madini hayo, monoksidi ya kaboni, petroli isiyoungua na oksidi za nitrojeni hubadilika kuwa gesi zenye madhara madogo zaidi.

Neno la msingi ni kugusa. Risasi ikifunika madini, moshi hupita njia ileile, kwa kasi ileile, bila kuyagusa. Ndiyo maana tochi yangu haikuona kitu. Masega yaliyoyeyuka kwa joto huziba na kulinyima gari pumzi, na dereva atalalamika siku hiyohiyo. Yaliyolishwa risasi hayazibi upesi, kwa hiyo halalamiki mtu. Sensa ya oksijeni nayo hupata utando uleule, ikaanza kuidanganya kompyuta kuhusu mchanganyiko wa mafuta.

4. Hesabu ya tangi moja

Petroli ya ndege ya bluu, iitwayo 100LL, inaruhusiwa kuwa na risasi hadi gramu 0.56 kwa lita, na herufi mbili za mwisho zinamaanisha kwamba hiyo ni "kidogo". Tangi la lita 40 likichanganywa nusu kwa nusu linaweza kubeba gramu 11.2 za risasi. Nchini Marekani, petroli huhesabiwa kuwa haina risasi ikiwa haizidi gramu 0.013 kwa lita, yaani gramu 0.52 kwa tangi hilohilo. Tumezidisha zaidi ya mara 20. Si risasi yote itabaki kwenye masega, lakini yenyewe yana gramu chache tu za madini ya kulinda. Na baadhi ya mafuta ya mbio yana risasi nyingi kuliko ya ndege.

5. Waliotutangulia

Marekani magari ya masega yalienea kuanzia matoleo ya mwaka 1975. Vituo vililazimika kuuza petroli isiyo na risasi, na midomo ya matangi ikafanywa myembamba ili bomba la pampu ya risasi lisiingie. Watu wakatafuta faneli. Wengine wakautanua mdomo wa tangi, kwa kuwa petroli ya risasi ilikuwa rahisi zaidi. Petroli hiyo ilipigwa marufuku barabarani tarehe 1 Januari 1996, ila ndege na magari ya mashindano yakaachwa. Hata hivyo NASCAR, waandaaji wa mbio za magari huko, wenyewe wamekimbia bila risasi tangu mwaka 2007.

Kwetu, nchi za Kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kufikia Januari 2006. Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba Algeria, nchi ya mwisho duniani, imemaliza.

6. Mapendekezo

Kwanza, tupime kabla ya kununua. Okteni haiongezi nguvu yenyewe. Huiruhusu injini ibebe presha ya turbo na taimingi ya mbele zaidi. Gari lisilogonga kwa petroli ya kituoni halipati faida yoyote.

Pili, gari la barabarani linalogonga lipunguziwe presha au taimingi, au litafutiwe mafuta ya mbio yasiyo na risasi.

Tatu, anayelazimika kutumia risasi awe na gari la mashindano tu, lisilo na masega, liende uwanjani juu ya lori. Kubadilisha bomba Jumamosi na kulirudisha Jumatatu hakutoshi: risasi hubaki tangini na kwenye injini.

Nne, P0420 ikitokea, tuulize mafuta kabla ya kuuza sensa.

7. Hitimisho

Yule mteja alinunua masega mengine, na uchungu wa bei ulimfundisha kuliko maneno yangu. Lakini risasi iliyovuka masega yake iliishia hewani na kwenye vumbi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama, na kwamba mtoto mdogo huifyonza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Gereji nyingi ziko katikati ya nyumba za watu. Yangu pia, na kila jioni watoto hupita wakiokota vizibo palepale tunapojaribia injini.