Godoro Lenye Uvundo

Leo tuzungumze juu ya godoro.

Masika moja nilimtembelea mama katika chumba cha kupanga huko Ukunda. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa akikohoa kila usiku, na kifua kikipiga mluzi. Chumba kilikuwa safi, kimefukizwa udi. Lakini nilipoinua godoro lililokuwa sakafuni, upande wa chini ulikuwa na madoa meusi, na uvundo ukanijia puani. Nikamuuliza, "Mamangu, mbona huliendi kulianika?" Akainamisha kichwa. "Sista, huyu bado anakojoa. Nikilitoa uani, majirani wote watajua."

Mama, aibu hiyo ndiyo iliyomlaza mtoto juu ya ukungu. Mtoto wa umri huo kukojoa kitandani si tabia mbaya, na wengi huacha wenyewe. Usimpige wala usimwaibishe. Kinachodhuru ni godoro lisilokauka.

Hapa kwetu pwani hewa yenyewe ina maji. Godoro hunywa jasho na mkojo kutoka juu, na unyevu wa sakafu kutoka chini. Likikaa na maji kwa zaidi ya siku moja au mbili, ukungu huanza kuota. Mwaka wa 2009 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba wanaoishi penye unyevu na ukungu hupatwa zaidi na maradhi ya kifua, na pumu yao huzidi. Udi hufunika harufu tu, na moshi wake humtaabisha mwenye pumu.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, inua godoro. Kitanda cha kamba cha wazee wetu kilipitisha upepo chini. Kama huna kitanda, panga matofali, kisha weka mbao juu yake, ukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya ubao na ubao. Godoro lisiguse ukuta.

Pili, asubuhi usitandike mara moja. Fungua dirisha, lisimamishe godoro lipate hewa.

Tatu, jua likitoka lianike, pande zote mbili, na uliingize kabla ya umande. Lakini chandarua chenye dawa kianike kivulini, kwa kuwa jua kali huharibu dawa.

Nne, kwa mtoto anayekojoa, tandika mpira mzito wa kitanda na uukaze vizuri, kisha shuka juu yake. Usitumie nailoni nyepesi, inaweza kumziba pumzi.

Tano, ukungu ukiwa juu juu tu, lipeleke godoro nje, mbali na watoto. Jifunge kitambaa puani, sugua kwa sabuni na maji kidogo, ulikaushe kabisa. Uvundo ukirudi, basi ukungu umeingia ndani, na godoro hilo halifai tena. Najua godoro ni pesa. Lakini ni afadhali mtoto alale kwenye mkeka juu ya mbao mpaka upate jingine.

Mtoto akikohoa mara kwa mara au kifua kikipiga mluzi, mpeleke kliniki. Akipumua haraka, mbavu zikibonyea ndani, au akishindwa kunyonya au kunywa, usingoje kuche. Mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Msambweni.

Yule mtoto wa Ukunda tulimpeleka kliniki, akaanzishiwa dawa ya pumu. Mama naye alijipa moyo, akalitoa godoro uani. Nilipopita tena juma lililofuata, nilikuta magodoro matatu yameanikwa. Kumbe hakuwa peke yake.

Kesho jua likitoka, mama, toa lako. Hadi juma lijalo, kwaheri.