Mgeni Makaburini: Qingming ya Wachina na Utani wa Waluguru



Wazee wa Kinole, nimeombwa nizungumzie sikukuu ya familia ya Wachina. Wengi wenu mlitazamia mwaka mpya, wenye fataki na bahasha nyekundu. Nimechagua Qingming, siku ya kusafisha makaburi, kwa kuwa inaadhimishwa hata hapa nchini, na kwa kuwa Uluguru una la kuifundisha.

Qingming huangukia mwanzoni mwa Aprili, aghalabu tarehe 4 au 5. Tangu 2008 ni siku ya mapumziko nchini China. Jamaa hurudi kwao, hung'oa magugu, hufagia kaburi, huandaa chakula na matunda, huchoma ubani na noti za karatasi, kisha huinama mbele ya wazee wao. Chakula hicho baadaye huliwa na jamaa wenyewe. Watoto hurusha tiara.

Mgeni ana masharti yake. Haendi asipoalikwa. Huvaa nguo zisizong'ara, na nyekundu huiacha nyumbani. Hupeleka maua meupe au ya njano. Hamtakii mwenyeji sikukuu njema, maana furaha ya kukutana imechanganyika na majonzi. Hakanyagi kaburi, hapigi picha bila ruhusa, na huinama baada ya wenye kaburi.

Wazee wangu, hayo si mageni kwenu. Tofauti ipo katika ukoo. Kwa desturi ya zamani ya Wachina, makaburi yalikuwa jukumu la wana wa kiume, na binti aliyeolewa alihudumia ya ukweni. Uluguru hufuata upande wa mama: cheo cha chifu Kingalu, hapa Kinole, hutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa.

Tofauti kubwa zaidi inamhusu mtu baki. Qingming humpa mgeni makatazo. Waluguru humpa kazi. Msiba wenu hauendi bila watani, ambao hushika shughuli za mazishi, huchekesha wafiwa na kudai chao bila haya. Methali inataka mgeni apewe jembe siku ya tatu. Mtani hupewa siku ile ile ya msiba.

Sasa twende Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Pale yapo makaburi takribani 70 ya wataalamu wa Kichina, wengi wao wajenzi wa reli ya TAZARA. Reli hiyo ya kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, hupita Kisaki, katika wilaya hii hii yenu, kabla ya kuingia Kilombero. Rais Xi Jinping wa China aliweka shada la maua kwenye makaburi hayo Machi 2013. Kila Qingming hufika watu wa ubalozi, wafanyakazi wa kampuni za Kichina na Watanzania.

Wana wa marehemu wako ng'ambo ya bahari. Anayeinama pale, mara nyingi, si ndugu wa damu. Kwa hiyo nasema: Qingming ya Gongo la Mboto imekwisha kuusogelea utani wa Kiluguru, na sisi tuliorithi reli hatustahili kukaa kwenye viti vya waalikwa. Shule zilizo kando ya TAZARA zinaweza kuipa siku hiyo nafasi katika kalenda zao, wanafunzi wakafagia kwanza, hotuba zikafuata. Adabu ya kutokanyaga kaburi tumekwisha kuifahamu. Iliyobaki ni kushika ufagio.