Neno "Man" na Manowari

Leo tutazame neno dogo la Kiingereza: "man". Wengi hufundishwa kuwa maana yake ni mwanamume, basi. Sivyo. Zamani Waingereza walimwita kila mtu "man", mume kwa mke. Mwanamume alikuwa "wer". Maana hiyo ya kale haijafa. Wanaposema "every man for himself", yaani kila mtu na lwake, wanawake nao wamo.

Tena "man of war" kwanza alikuwa askari, mtu wa vita. Baadaye likawa jina la merikebu ya vita. Watu wa pwani wakalichukua kwa ulimi wao: manowari. Meli nayo asili yake ni "mail", yaani barua, kwa kuwa ndiyo iliyozileta.

Ninyi wa Salale na delta yote ya Rufiji mna habari za manowari. Mwezi wa Septemba 1914 Königsberg ya Wajerumani iliipiga Pegasus ya Waingereza pale Unguja, ikazama. Kisha ikajificha katika mikoko yenu. Mwenye kufasiri neno kipande kipande atadhani ni mtu mmoja aliyejificha humo! Tarehe 11 Julai 1915 Severn na Mersey ziliipiga, na Wajerumani wenyewe wakaimalizia. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikakokotwa kwenda kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.

Sasa shikeni kalamu, mwandike pole pole: ma-no-wa-ri.