MUHURI HUSHUHUDIA NINI?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, imepigwa chapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Sikuja kuwafundisha watu waliokwisha kuijua kazi yao. Nimekuja kukiri kosa, kisha tulitazame pamoja, maana kosa la karani mmoja laweza kuwa somo la makarani wengi.

Miaka mingi iliyopita nalikuwa karani katika ofisi moja ya wilaya. Siku moja alikuja kijana, muuguzi, aliyekuwa amepata kazi Maskati. Alitaka hati yake itiwe sahihi ili aipeleke ng'ambo. Mkubwa wangu alikuwa safarini. Nami, kwa kumhurumia yule kijana, nikatia sahihi yangu kwa niaba ya mkubwa, nikagonga muhuri, nikamtakia safari njema. Alikwenda hadi makao makuu kwa basi, siku mbili njiani, na huko hati ikakataliwa. Walifungua daftari la sahihi za watumishi wenye mamlaka, sahihi yangu haikuwamo. Hata aliporudi na kupata sahihi iliyo halali, muda aliopewa na waajiri ulikuwa umekwisha, na kazi amepewa mwingine. Hakunigombeza. Alisema tu, "Sahihi yako ni nzuri, Bwana, ila hapana aijuaye."

Neno lile halijaniondoka. Ndani yake mna sheria yote ya jambo hili.

Watu wengi hudhani kwamba muhuri wa wizara juu ya cheti husema kuwa yaliyoandikwa katika cheti ni kweli. Sivyo. Muhuri hushuhudia mambo matatu tu: kwamba sahihi hii ni ya fulani, kwamba fulani huyo ana cheo alichokitaja, na kwamba lakiri iliyopo ni ya ofisi yake. Ndiyo maana hati hupanda ngazi moja moja. Ofisi iliyoitoa huthibitishwa na ofisi iliyo juu yake, hiyo nayo na Wizara ya Mambo ya Nje, na mwisho ubalozi wa nchi iendewayo huithibitisha sahihi ya Wizara. Kila mmoja humjua aliye chini yake tu. Ngazi moja ikikatika, hapana apandaye.

Kwa kuwa njia hiyo ni ndefu, mataifa yalikutana The Hague na kufanya Mapatano ya tarehe 5 Oktoba, 1961, yaliyoanza kutumika tarehe 24 Januari, 1965. Badala ya mihuri mingi, cheti kimoja kiitwacho apostili hutosha. Ni cha mraba, kila upande usipungue sentimita 9, nacho kina mambo 10 yenye namba: nchi, aliyetia sahihi, cheo chake, lakiri, mahali, tarehe, na mengineyo. Ofisi inayokitoa sharti iwe na daftari ya vyeti hivyo, ili mwenye shaka aulize kwa namba na tarehe. Oman imo katika Mapatano hayo tangu tarehe 30 Januari, 2012. Burundi tangu tarehe 13 Februari, 2015. Kanada tangu tarehe 11 Januari, 2024. Na Rwanda tangu tarehe 5 Juni, 2024.

Walakini angalieni sana: apostili hufaa pale tu ambapo nchi zote mbili zimo, ile iliyotoa hati na ile iipokeayo. Tena nchi iliyomo yaweza kumpinga mgeni ajiungaye, na baina ya hao wawili Mapatano hayatumiki. Nchi mojawapo ikiwa nje, sharti kuifuata njia ya zamani hadi ubalozini. Basi swali la kwanza la mwenye hati lisiwe "Nilipe kiasi gani?" bali "Hati yangu yaenda wapi, na huko wataka nini?"

Wafanyabiashara nao wana yao. Cheti cha kuandikishwa kampuni, kama kile kitolewacho na BRELA kwa Tanzania Bara, ni hati ya ofisi ya umma. Lakini hati ya uwakala, au mkataba wa watu wawili, ni karatasi ya faragha. Sharti kwanza ipite kwa wakili aliye mthibitishaji, na kinachothibitishwa baadaye ni sahihi ya wakili huyo, si maneno ya mkataba. Na hati za utawala zihusuzo moja kwa moja biashara au forodha ziko nje ya Mapatano ya The Hague. Zina njia yake, nayo iulizwe mapema kabla ya shehena kufika bandarini.

Sasa nirudi kwetu sisi makarani, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Yatupasa mambo manne.

Kwanza, asitie sahihi mtu ambaye sahihi yake haijapelekwa mahali pa kulinganishwa. Mkubwa mpya akifika, mfano wa sahihi yake upelekwe juma lile lile.

Pili, jina liandikwe namna moja. Mtu aliye Mohamedi katika cheti cha kuzaliwa na Muhammad katika pasipoti, kwetu ni mtu mmoja. Kwa afisa wa mbali ni watu wawili.

Tatu, tuwaonye watu wasifunike vyeti kwa plastiki, kwa kuwa ofisi nyingi hukataa kugonga muhuri juu yake; wala wasifungue karatasi zilizofungwa pamoja. Tafsiri ikihitajiwa, waulize kwanza kama itangulie mihuri au ifuate.

Nne, tuwaambie ada iliyo halali, tuwape stakabadhi, na tuwaelekeze dirisha la kweli. Tukinyamaza, vishoka walio mlangoni watasema badala yetu, nao huuza hata mihuri ya uongo. Mwenye kukamatwa nayo ng'ambo ni yule maskini, si aliyemwuzia.

Ndugu zangu, hati ikiondoka mezani petu huenda ikasomwa na mtu asiyejua lugha yetu wala mji wetu. Hawezi kutuuliza kama tulikuwa na nia njema. Mimi nalikuwa nayo, na nia njema yangu ilimkosesha mtu kazi. Afadhali nalimwambia, "Ngoja, Bwana, mkubwa atarudi Jumatatu." Angalinung'unika siku tatu, akapata mkate wa miaka mingi.