Mtoto Asiyehesabiwa Hapangiwi: Elimu ya Watoto Wenye Ulemavu wa Kuona katika Shinyanga na Geita

(Mada iliyotolewa mbele ya wazazi, walezi, walimu na viongozi wa vijiji mkoani Shinyanga. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya watumiaji wote wa huduma.)



Watu wanaposikia kwamba mamlaka ya udhibiti imemtuma mtumishi wake, hutazamia mazungumzo ya mizani, vipimo na alama za ubora. Leo sikuja na mizani. Nimekuja kuzungumza juu ya huduma ambayo wengi wetu huipokea kama hisani, ilhali ni haki: elimu ya mtoto asiyeona na ya mtoto mwenye uoni hafifu.

Mniruhusu nianze na kisa changu mwenyewe. Nilipokuwa darasa la tatu niliketi dawati moja na mwenzangu aliyekuwa akinakili kila kitu kutoka katika daftari langu. Mwalimu alimwita mvivu, nasi tukamcheka. Alipofika darasa la tano aliacha shule, akaenda machimboni kubeba mawe. Miaka mingi baadaye tulikutana, naye amevaa miwani aliyopimiwa hospitalini, anasoma ujumbe katika simu yake pasipo taabu. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama yale maandishi ya ubaoni yalikuwa mengi.

Swali lile ndilo lililonileta hapa. Mwenzangu alihitaji vioo viwili na kiti cha mbele. Hakuvipata kwa sababu hapakuwa na mtu aliyejua kwamba anavihitaji.

Si kila mwenye ulemavu wa kuona yumo gizani

Tunapozungumza juu ya ulemavu wa kuona, fikra zetu hukimbilia kwa mtu asiyeona kabisa. Shirika la Afya Duniani hutenganisha makundi. Mtu huhesabiwa kuwa asiyeona ikiwa jicho lake lililo bora, hata baada ya kusahihishwa kwa miwani, haliwezi kutambua kwa umbali wa mita 3 kile ambacho jicho zima hukitambua kwa umbali wa mita 60. Juu ya kiwango hicho kuna kundi la wenye uoni hafifu. Hawa huona, lakini miwani peke yake haiwatoshelezi. Kisha wapo wale ambao tatizo lao huisha mara wanapopata miwani sahihi, kama alivyokuwa mwenzangu.

Mahitaji ya makundi haya hayafanani. Asiyeona anahitaji maandishi ya nukta nundu, mashine ya kuyaandikia, fimbo nyeupe na mwalimu aliyesomea elimu maalumu, kama wale wanaoandaliwa katika Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha. Mwenye uoni hafifu anahitaji maandishi yaliyokuzwa, lenzi ya kukuzia, mwanga unaofaa na nafasi karibu na ubao. Mpango wa taifa ukiwaweka wote katika kapu moja, kuna atakayepewa asichohitaji na kunyimwa anachokihitaji.

Mfano ulio karibu nasi ni watoto wenye ualbino. Ualbino huambatana na uoni hafifu: macho huchezacheza, mwanga mkali huyaumiza, na maandishi ya mbali hayasomeki. Hata hivyo, wengi wao husoma maandishi ya kawaida yakikuzwa, au wakikisogeza kitabu karibu na uso. Kusogeza kitabu hivyo hakuharibu macho, basi tusiwakemee. Kwa miaka mingi katika nchi yetu baadhi ya watoto hawa walipelekwa katika shule za wasioona na kufundishwa nukta nundu, kana kwamba hawaoni kabisa. Mtoto akazisoma nukta kwa macho, badala ya vidole. Hilo ni kosa la upangaji, na lililipwa na mtoto.

Fundisho la Buhangija

Wenyeji wa Shinyanga mnaifahamu Shule ya Msingi Buhangija katika Manispaa yetu, inayowapokea watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino pamoja na watoto wengine. Mnakumbuka pia miaka ya mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa, yaliyochochewa na imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, ukiwamo utajiri wa dhahabu. Watoto waliletwa Buhangija ili wawe salama, mabweni yakazidiwa. Shule iliyopangwa kufundisha ikalazimika kuwa pia ngome.

Ngome iliokoa maisha, na shukrani zetu kwa walimu na walezi wa pale hazina kipimo. Lakini mtoto aliyetenganishwa na wazazi wake kwa ajili ya usalama anahitaji mpango wa pili: atapimwa macho lini, atasoma kwa maandishi gani, atakwenda sekondari ipi, na atarudi nyumbani kwa nani. Mpango wa dharura usiojibu maswali haya hugeuka makazi ya kudumu. Hata mkoa wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012, hauwezi kujibu maswali hayo kwa kuwapeleka watoto wake mikoa jirani peke yake, kama vile Mitindo kule Misungwi. Wengi watasoma katika shule zilizo karibu na nyumbani. Shule hizo ndizo zinazopaswa kuandaliwa.

Hesabu huanzia mlangoni kwako

Mipango ya elimu hujengwa juu ya takwimu. Kila mwaka shule hujaza idadi ya wanafunzi wenye ulemavu kwa aina zao, na takwimu hizo hupanda kutoka halmashauri hadi wizarani. Katika Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, kaya ziliulizwa pia kuhusu ugumu wa kuona. Kitabu cha nukta nundu hakipatikani dukani siku ya kufungua shule. Huchapwa kwa karatasi nene, na kitabu kimoja cha kawaida huweza kuwa majuzuu kadhaa. Kazi hiyo huanza mapema, na huanza na idadi.

Mzazi anayemficha mtoto nyuma ya nyumba kwa aibu, au kwa hofu, anamwondoa katika hesabu hiyo. Hofu ninaielewa, kwa maana katika eneo letu haikuzuka bure. Lakini mtoto aliyefichwa hana mlinzi zaidi ya mlango wake. Aliyesajiliwa anajulikana na mwalimu, mtendaji, ofisa ustawi wa jamii na polisi. Nanyi waandikishaji, msikubali jibu la kwamba nyumba hii haina mtoto mwenye shida. Ulizeni kwa upole: je, yupo anayejikwaa jioni, anayesogeza kitu puani ili akitambue, au asiyefuata taa kwa macho?

Ukiona weupe katika mboni ya jicho la mtoto, usingoje. Huenda ni mtoto wa jicho, ambao huweza kufanyiwa upasuaji, au saratani ya jicho, ambayo ucheleweshaji wake huua. Nenda kituo cha afya upewe rufaa. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni ya rufaa kwa kanda yetu. Usitie jichoni maji ya majani, maziwa wala dawa ya jirani. Na kwa ndugu zetu wa machimbo madogo: mtoto asiponde mawe, kwa kuwa kipande kimoja cha jiwe hutosha kulitoboa jicho. Asishike wala kuchoma zebaki, kwa kuwa sumu yake huathiri ubongo na mishipa ya fahamu, hata uwezo wa kuona.

Haki zako kama mtumiaji wa huduma

Kwanza, kuhusu miwani. Usimnunulie mtoto miwani ya mnadani kwa kujaribisha. Apimwe na mtaalamu aliyesajiliwa na Baraza la Optometria. Dai karatasi yenye vipimo vya kila jicho, pamoja na risiti. Karatasi hiyo ni mali yako, nawe una hiari ya kutengeneza miwani kwingine. Rudi kupima kila mwaka, kwa sababu macho ya mtoto hubadilika. Kwa mtoto mwenye ualbino, weusi wa kioo si uthibitisho kwamba kinazuia miale ya jua inayodhuru. Muulize muuzaji, na akishindwa kukuonyesha uthibitisho, ondoka.

Pili, kuhusu uandikishaji. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamlinda mtoto wako dhidi ya kubaguliwa katika elimu, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Tangu mwaka 2016 elimu ya msingi na sekondari ya kawaida katika shule za Serikali hutolewa bila ada. Ukiambiwa kwamba mtoto hawezi kupokelewa, omba sababu kwa maandishi.

Tatu, kuhusu mitihani. Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa mitihani ya nukta nundu kwa wasioona na ya maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu. Muda wao huongezwa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Hakikisha mapema kwamba shule imeiandika aina ya ulemavu wa mtoto wako ipasavyo wakati wa usajili. Mtoto mwenye uoni hafifu aliyeandikwa kuwa hana ulemavu atapewa karatasi ya kawaida, na siku ya mtihani hapatakuwa na nafasi ya kurekebisha.

Nne, kuhusu malalamiko. Anza kwa mwalimu mkuu, kisha Ofisa Elimu Kata, kisha ofisa wa elimu maalumu wa halmashauri. Andika barua fupi yenye tarehe, ubaki na nakala. Zitumieni pia kamati za watu wenye ulemavu, Chama cha Wasioona na Chama cha Watu wenye Ualbino.

Ndugu Mwenyekiti, wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nami nasema, mzazi asiyeuliza hata mtoto wake hanalo. Tutakapoondoka hapa, kila mmoja apite kwa jirani mmoja na kuuliza kama yupo mtoto aliyebaki ndani. Jina lake lifike kwa mtendaji kabla orodha ya mwaka huu haijafungwa. Mwenzangu wa darasa la tatu amekwisha kuwa mtu mzima, na ule ubao umefutwa mara nyingi tangu wakati ule. Anayemfuata bado ana umri wa kuandikishwa.